Nakala 60 za Profesa Cajal

Mwezi Mei 1888, mjini Barcelona nchini Hispania, lilitoka jarida dogo la sayansi ambalo mhariri wake, mwandishi wake na mlipaji wa gharama zake alikuwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Santiago Ramón y Cajal, profesa wa chuo kikuu, umri wake miaka 36. Zilichapwa nakala 60 tu, na nyingi kati ya hizo alizituma kwa wataalamu wa nchi za nje.

Habari iliyokuwamo ilikuwa kubwa. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja, ambao nyuzi zake zimeungana pasi na mwanya. Cajal alitumia njia ya kutia rangi iliyovumbuliwa na Mwitalia Camillo Golgi mwaka 1873: kipande cha ubongo hulowekwa katika dikromati ya potasiamu, kisha katika nitrati ya fedha. Ajabu ya njia hii ni kwamba seli chache tu hushika weusi, nyingine zote zikabaki bila rangi. Uchache huo ndio faida yake, kwani katika mikoko iliyosongamana ni vigumu kujua mzizi huu ni wa mti upi. Cajal alirudia kutia rangi mara mbili ili ikolee. Tena akachagua ubongo wa viinitete na wanyama wachanga, ambamo nyuzi nyingi hazijavikwa bado ule utando wa mafuta unaozuia rangi. Katika serebela ya ndege, yaani sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, aliona seli zinazojitegemea: kila moja ina ncha zake, nazo huikaribia seli jirani bila kuungana nayo.

Lakini ni nani angesoma? Jarida liliandikwa kwa Kihispania, na mabingwa wa elimu hiyo walisoma Kijerumani na Kifaransa. Kimya kikatanda. Ndipo mwezi Oktoba 1889 Cajal alipofunga safari kwa fedha yake mwenyewe hadi Berlin, kwenye mkutano wa wanaanatomia, akapanga vioo vyake chini ya hadubini na kuwaita watu waje watazame. Miongoni mwa waliotazama alikuwa Albert Kölliker wa Würzburg, mzee wa miaka 72 aliyeheshimiwa kote Ulaya. Kölliker aliridhika, akairudia kazi hiyo mwenyewe, na hata akajifunza Kihispania ili asome maandishi ya Cajal. Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer alizipa seli hizo jina la neuroni. Mwaka 1906 Cajal na Golgi waligawana Tuzo ya Nobel, ingawa Golgi, katika hotuba yake ya kuipokea, aliendelea kuutetea wavu wake.

Siku hizi mtafiti hupimwa kwa hesabu. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alianza kutoa faharasa inayoonyesha kila makala imetajwa na makala zipi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo kinachoitwa h: mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa walau mara 20, na hana 21 za namna hiyo, kipimo chake ni 20. Hesabu hii ni rahisi, na wanaogawa kazi na fedha za utafiti huipenda, pengine mno. Haiulizi sababu ya kutajwa. Anayemtaja Golgi ili kuisifu rangi yake na anayemtaja ili kuukanusha wavu wake huhesabiwa sawa. Makala moja ya mwaka 2006 kuhusu ugonjwa wa Alzheimer ilitajwa zaidi ya mara 2,000 kabla ya kufutwa mwaka 2024, kwa kuwa baadhi ya picha zake zilikuwa zimegeuzwa. Nalo jarida la 1888, kwa kipimo hicho, lingeanza na sifuri.

Kitabu kikuu cha Cajal kilitoka kwa Kihispania kati ya 1899 na 1904. Kilifasiriwa kwa Kifaransa mwaka 1909 hadi 1911, na ni toleo hilo la Kifaransa lililogeuzwa kuwa Kiingereza mwaka 1995, miaka 61 baada ya kifo chake. Mtafiti anayekitaja kitabu hicho cha Kiingereza anataja tafsiri ya tafsiri.