Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma

Kila gari linapoacha njia mteremkoni na kuangukia bondeni, sababu itolewayo aghalabu ni moja: breki zimefeli. Kauli hiyo hupokewa kana kwamba breki zina desturi ya kufa zenyewe, bila ya mtu kuzitenda lolote. Husemwa kwamba ajali haina kinga, marehemu wakazikwa, na safari zikaendelea kama zamani. Sisi tunasema kwamba ajali ya namna hii kinga inayo, nayo imo mkononi mwa dereva. Kinga hiyo ni gia.

Madereva wa zamani wa malori, waliopita Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida, walilijua jambo hili vizuri. Kanuni yao ilikuwa fupi: mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungepandwa nayo. Lakini leo barabara zetu zimejaa magari madogo yaliyokwisha kutumika, yaletwayo kutoka Japani, na mengi kati yake ni ya otomatiki. Pamoja na magari hayo imekuja imani kwamba dereva akishaweka gia kwenye herufi D, basi kazi yake imebaki kushika usukani na kukanyaga breki. Imani hiyo ni ya hatari, na hatuna budi kuieleza kasoro yake.

Kwanza tuieleze breki ya injini. Gari linapokwenda tambarare, injini huzungusha magurudumu. Linapoteremka na dereva ameondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, mambo hugeuka: magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Katika injini ya petroli, mlango wa hewa huwa umefungwa, kwa hiyo pistoni hulazimika kuvuta hewa isiyopatikana. Kazi hiyo ngumu, pamoja na msuguano wa vyuma, hulirudisha gari nyuma kama mtu aliyeshikwa shati. Kadiri gia ilivyo ya chini ndivyo injini inavyozunguka mara nyingi zaidi, na ndivyo mvuto huo unavyokuwa mkubwa. Katika giaboksi nyingi za otomatiki zenye gia nne, mwendo wa gari ukiwa ule ule, gia ya kwanza huizungusha injini takriban mara nne ya vile izungushwavyo na gia ya nne.

Sasa tuitazame otomatiki yenyewe. Giaboksi hii haina macho. Huchagua gia kwa kupima hasa mambo mawili: mwendo wa gari na jinsi pedali ya mafuta ilivyokanyagwa. Dereva akiondoa mguu, giaboksi huelewa kwamba nguvu haihitajiki tena, ikapanda kwenye gia ya juu. Hivyo ndivyo hasa itokeavyo mteremkoni: pale gari linapohitaji gia ya chini ya kulizuia, D huipeleka juu na kuliacha lijiendee. Tena, katika giaboksi nyingi za zamani, gia ya kwanza ikiwa ndani ya D haizuii kitu, bali huserereka kama baiskeli ambayo mwendeshaji wake ameacha kukanyaga pedali. Ni mpaka dereva aiteue mwenyewe, kwa kuweka L, ndipo inaposhika.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hawakuishia kwenye D. Waliweka 3, 2 na L, au kitufe cha O/D kinachoizuia gia ya juu kabisa. Magari yasiyo na gia za kuhesabika huwekewa S au L, na baadhi ya yale yanayotumia petroli pamoja na umeme huwekewa B. Alama hizo si mapambo. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipotoa giaboksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, kazi iliyoondolewa ilikuwa ile ya mguu wa kushoto juu ya klachi. Kazi ya kufikiri haikuondolewa. Ni kweli kwamba baadhi ya magari ya miaka ya karibuni huhisi mteremko na kupangua gia yenyewe, lakini nayo huhisi baada ya kuufikia. Anayeuona kabla ni dereva.

Tuchukue mfano wa mkoa wetu wa Tanga. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kupitia Soni, barabara hushuka takriban mita 1,000, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria wake, likishuka kimo hicho, hutoa nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji, yaani kama madebe mawili. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki lazima ipate pa kwenda: ama injini iichukue, ama breki ziimeze kama moto. Dereva aliyeweka D huku mguu wake umelalia breki tangu juu hadi chini amezitwika breki karibu mzigo wote.

Breki zikizidiwa na moto, pedi hupungua kushika. Mafuta ya breki nayo huweza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevunyevu wa hewa kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyezeka. Dereva hukanyaga, na pedali ikazama bila ya kushika kitu. Hapo ndipo husemwa kwamba breki zimefeli. Ukweli ni kwamba zimefanya kazi ya watu wawili mpaka zikachoka.

Yapo mabishano tunayoyasikia vijiweni. Wengine husema kwamba kuteremka kwa nyutro kunaokoa mafuta. Si kweli kwa magari ya kisasa: gari likiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya pedali, kompyuta ya injini hukata mafuta, likiwa nyutro injini huendelea kuyanywa ili isizime. Kuzima injini ni kubaya zaidi, kwani usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Wengine husema kwamba kupangua gia kunaua giaboksi. Giaboksi haidhuriki ikiwa gia imepanguliwa kwa mwendo mdogo na mshale wa mizunguko haujaingia kwenye nyekundu. Injini ikinguruma kidogo mteremkoni, huo si mlio wa ugonjwa. Ni mlio wa kazi.

Basi utaratibu ni huu. Punguza mwendo kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Zima O/D, au weka 3, na mteremko ukiwa mkali weka 2 au L, mpaka gari liweze kushuka kwa mwendo wa salama na breki ziguswe mara chache tu. Unapokanyaga breki, kanyaga kwa nguvu ya kutosha, punguza mwendo, kisha ziachie zipoe. Barabara ikiwa na utelezi, usipangue gia kwa ghafla. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa salama na usubiri. Usimwagie breki maji. Na mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati wake.

Tunatoa wito kwa shule za udereva zilitie jambo hili katika mafunzo, na wakaguzi walitahini kabla ya leseni kutolewa. Si haki mtu afundishwe kwa gari la klachi kwenye tambarare, kisha akabidhiwe gari la otomatiki lenye roho za watu, alishushe Lushoto. Wenye magari nao wawaeleze madereva wao maana ya kila herufi iliyo pembeni mwa D. Na abiria akihisi gari linaserereka huku breki zikinuka, aseme bila ya woga.

Mchongoma kupanda, kushuka ndiyo ngoma. Wazee waliliona hilo kabla ya gari la kwanza kufika nchini. Tahadhari na iwe kabla ya hatari, na gia iwe kabla ya breki.