Mtoto Ana Joto la 101? Uliza Kwanza ni Kipimo Gani

MSOMAJI, hebu fikiri simu inalia usiku katika boma moja la Mulot, pale ambapo barabara ya kutoka Narok inavuka mto Amala na kuingia Bomet. Anayepiga ni binti aliyeolewa Marekani. Anayepokea ni mama yake, nyanya ya mtoto. "Mama, mtoto anaumwa, joto limefika 101!" Nyanya amewasikia wajukuu wakikariri masomo yao kwamba maji huchemka katika nyuzi 100. Je, mjukuu wake amepita hata maji yanayochemka?

La hasha. Binti anasoma kipimajoto cha Farenhaiti, kipimo ambacho Wamarekani wamekishikilia mpaka leo, ilhali sisi huku, shuleni na hospitalini, tunatumia Selsiasi. Nyuzi 101 za Farenhaiti ni 38.3 za Selsiasi. Ni homa, naam, na mtoto anahitaji kuangaliwa, lakini si jambo la kumfanya nyanya apige mayowe hadi kijiji kizima kiamke.

Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi. Vipimajoto vingi vya betri vina kitufe cha kubadilisha kipimo, na mtoto mchezaji anaweza kukibonyeza bila mtu kujua. Mzazi anampima mwanawe usiku, anaona 104, anasema kifaa kimeharibika, anakitupa mezani na kumfunika mtoto blanketi zito. Kumbe 104 za Farenhaiti ni 40 kamili za Selsiasi! Huyo ni mtoto wa kuvuliwa nguo nzito na kupelekwa kwa daktari, si wa kungojea kupambazuke.

Kwa hivyo chukua kalamu. Kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi, ondoa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Kugeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti, zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, kisha jumlisha 32. Mwanafunzi aandike hivyo kwenye mtihani wake. Lakini jikoni, ukiwa na mtoto mgongoni, iko njia nyepesi. Nambari ya Selsiasi izidishe mara mbili, toa sehemu moja ya kumi ya jibu hilo, halafu ongeza 32. Tujaribu 37, joto la kawaida la mwili. Mara mbili ni 74. Sehemu ya kumi ni 7.4, ukiitoa unabaki na 66.6. Ongeza 32, unapata 98.6. Hilo ni jibu kamili, si la kukisia, maanake 2 ukiipunguza sehemu yake ya kumi ni 1.8, na 9 ukiigawanya kwa 5 ni 1.8 vilevile.

Nambari hizi zilitoka wapi? Katika kipimo cha Farenhaiti maji huganda katika 32 na kuchemka katika 212. Hapo katikati mna hatua 180, mahali ambapo Selsiasi ina 100 tu. Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, alitangaza kipimo chake mwaka 1724. Anders Celsius wa Uswidi alikuja na chake mwaka 1742, tena akakipindua: 0 ikawa ya maji yanayochemka na 100 ya barafu! Wenzake walikigeuza baadaye, na tuwashukuru, la sivyo leo tungekuwa tunasema homa imeshuka wakati mtoto anazidi kuungua.

Hiyo 100 ya kuchemka, hata hivyo, ni ya Mombasa, kando ya bahari. Ukipanda kutoka Mulot kupitia Bomet hadi mashamba ya chai ya Kericho, kwenye kimo cha karibu mita 2,000, hewa imepungua uzito na maji huchemka katika nyuzi 93 hivi za Selsiasi, yaani karibu 200 za Farenhaiti. Usiwashe moto zaidi ukidhani utayafikisha 100, yatakauka tu. Ndiyo sababu maharagwe huko hukawia kuiva, na sufuria ya presha ni msaada mkubwa.

Sasa tuje kwenye mtego ambao hata watu waliosoma hutumbukia. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya rekodi za kituo cha hali ya hewa cha Kericho, za miaka 30 kutoka 1979 hadi 2009. Joto lilikuwa limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila miaka 10, yaani kama 0.6 kwa jumla. Hizo ni ngapi kwa Farenhaiti? Ukitumia kanuni ya hapo juu utapata 33, na chai yote ya Kericho ingekuwa imeungua. Jibu la haki ni 1.08. Unapogeuza tofauti ya joto, zidisha kwa 1.8 na uishie hapo, 32 usiiguse. Ni kama watu wawili wanaopanda ngazi za ghorofa moja, mmoja ameanza kuhesabu na 0 na mwenzake na 32. Hawataafikiana wamefika ngazi ya ngapi, lakini hawawezi kubishana kwamba wote wamepanda.

Utasema 0.6 ni kitu gani, hata sweta huivui. Muulize mbu. Kijidudu cha malaria kikiingia tumboni mwa mbu hakina budi kukomaa kwanza kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu, na kukomaa huko kunategemea joto. Wataalamu wana kanuni ya siku nyingi inayohusishwa na mtafiti Detinova wa Muungano wa Kisovieti: chukua joto la wastani kwa Selsiasi, ondoa 16, kisha gawanya 111 kwa kinachobaki. Katika nyuzi 18, ambazo hazitofautiani sana na wastani wa Kericho, unapata siku 55 na nusu. Ni mbu wachache mno wanaoishi siku zote hizo. Ongeza 0.6 tu, siku zinashuka hadi 43 hivi. Zikifika nyuzi 20, ni 28.

Hapo ndipo watu wa nyanda za juu wanapoumia, kwa kuwa watoto waliokua bila malaria hawana kinga ya kutosha inapozuka. Sidai kwamba joto peke yake ndilo lenye lawama. Klorokwini iliacha kufanya kazi, na wanasayansi wenyewe walibishana vikali: makala ya mwaka 2002 katika jarida la Nature iliona kwamba hali ya hewa ya Kericho haikuwa imebadilika vya kutosha. Ubishi huo wote ulikuwa juu ya sehemu ndogo za uzi mmoja.

Na kanuni ile ya mbu haikubali kipimo kingine. Ukiingiza nyuzi 18 kwa Farenhaiti, yaani 64.4, itakwambia kijidudu hukomaa kwa siku 2 na kitu. Ukiingiza Kelvini, kipimo cha maabara ambacho ni Selsiasi ukiongeza 273.15, utaambiwa chini ya nusu siku! Geuza kwanza, ndipo ukokotoe. Ila tofauti za joto kwa Kelvini na kwa Selsiasi ni sawasawa, hazihitaji kugeuzwa.

Wanafunzi, nawaachia fumbo. Binti yule wa Marekani anampigia tena mama yake wakati wa baridi: "Mama, leo ni 20." Nyanya anacheka, huo si ndio mchana mzuri wa Mulot? Tafuteni ni ngapi kwa Selsiasi. Kisha tafuteni joto ambalo wawili hao, kila mmoja na kipimo chake, wangetaja nambari ile ile. Majibu: la kwanza ni 6.7 chini ya sifuri. La pili ni 40 chini ya sifuri.