Kabla hujamruhusu fundi kutoa themostati, soma hii

Ebu tuanze na hesabu ya kituo cha mafuta. Umeingia na gari lako, umemwambia mhudumu akuwekee ya Sh1,000. Kwa mujibu wa hesabu za idara ya kawi ya Marekani, karibu Sh700 kati ya hizo zitapotelea ndani ya injini yenyewe, nyingi zikitoka kama joto kupitia radieta na bomba la moshi. Ondoa tena kinachomezwa na gia, pampu na vifaa vingine, na kinachobaki cha kusukuma magurudumu ni kama Sh200. Labda Sh250 ukiwa na bahati na barabara iwe wazi. Pesa zingine umezitumia kupasha hewa ya Nairobi joto.

Najua utaniambia shida ni bei. Ni kweli, kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya na wewe huna kura pale. Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilifika Sh217.36 na tukalipa tu. Lakini hiyo Sh200 inayofika kwenye gurudumu inaweza kuongezeka au kupungua kutegemea unachofanya na gari lako, na hasa unachomruhusu fundi afanye. Hilo nililijua baada ya kuumia.

Niliingia kwa biashara ya teksi za mtandaoni na Vitz ya cc 1,000. Nusu ya pesa ilikuwa akiba yangu, nusu mama alinikopea kwa chama chake, kwa hivyo kila wiki kulikuwa na mtu wa kulipwa kabla sijanunua hata unga. Jumapili moja nikipanda kuelekea Limuru na abiria watatu, nyuma ya lori lililokuwa likitambaa, taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikaegesha, abiria wakachukua matatu, mimi nikabaki nikitazama mvuke ukitoka kwa boneti.

Fundi niliyeelekezwa hakuchukua hata dakika ishirini. Alifungua, akatoa kidude cha shaba na springi kinachotoshea kiganjani, akanionyesha.

"Boss, hii themostati ni ya nchi za baridi. Kule Japan kuna theluji. Hapa Kenya ni ya nini? Tunaitoa, maji yanazunguka freshi, gari haichemki tena."

Ilisikika kama akili. Nikalipa, nikamshukuru, nikaondoka. Na kwa wiki mbili hivi gari halikuchemka.

Nilichokiona ni kitu kingine. Vitz ya aina yangu haina mshale wa joto. Ina taa ya samawati inayowaka injini ikiwa baridi, halafu inazima injini ikipata joto. Yangu ilianza kukaa ikiwaka kutoka Githurai mpaka karibu na mjini. Sikujali, nilidhani ni dalili ya afya. Halafu mafuta yakaanza kuisha kabla ya jioni. Hapo awali nilikuwa napata kilomita 16 kwa lita. Nikapima tena wiki nzima: 13.

Hesabu inauma, lakini tuifanye pamoja. Kwa siku ya kilomita 150, nilikuwa nachoma lita mbili na ushee zaidi. Ukiiweka lita moja Sh180, hiyo ni karibu Sh390 kila siku. Siku 26 za kazi ni zaidi ya Sh10,000 kwa mwezi. Kuna watu wanalipa nyumba kwa pesa hiyo, na mimi ni mmoja wao.

Aliyenitoa kwa hilo shimo ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo Kariobangi. Nilipomwambia gari linakunywa, hakugusa spana kwanza. Aliuliza, "Kijana, themostati iko?" Nikamwambia ilitolewa. Akacheka. "Na nani alikuambia injini inataka baridi?"

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Injini ni mashine ya joto. Petroli inawaka ndani ya silinda, gesi inapanuka, pistoni inasukumwa. Kazi yote inatoka kwa lile joto, kwa hivyo kila joto linalokimbilia kwenye kuta za silinda kabla ya kusukuma pistoni ni pesa imeenda. Injini baridi huiba zaidi. Tena petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye kuta baridi. Kompyuta ya gari inajua hilo, kwa hivyo sensa ikisema maji bado ni baridi, inaongeza petroli kidogo, kama vile pikipiki ya zamani ukivuta choki asubuhi. Ukitoa themostati, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima. Oili nayo inabaki nzito na kuongeza msuguano, na petroli isiyoungua inateremka na kuichafua. Kwa baadhi ya magari ya gia otomatiki, gia ya juu kabisa inakataa kuingia hadi injini ipate joto.

Themostati ya magari mengi ya Kijapani hufunguka maji yakifika takriban nyuzi 82. Chini ya hapo inafunga njia ya radieta ili injini ipate joto haraka, juu yake inafungua. Haina habari kama uko Sapporo au Syokimau.

Basi kwa nini gari langu lilichemka Limuru? Mzee aliwasha injini, akangoja, akanionyesha feni ya radieta. Ilikuwa inazunguka ikitaka. Brashi za mota yake zilikuwa zimekwisha. Ukiwa kwenye barabara kuu upepo unafanya kazi ya feni, lakini ukipanda mlima polepole nyuma ya lori, feni ndiyo kila kitu. Kifuniko cha radieta nacho mpira wake ulikuwa umechakaa. Hapo kuna somo ambalo vijana wa Nairobi tunapaswa kulijua kuliko wa Mombasa: sisi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko kizima hubana presha na kusukuma kiwango hicho kupita 110. Kikiwa kibovu, unachemsha chai barabarani.

Urefu huo huo ndio unaofanya gari dogo lionekane mgonjwa likifika huku. Hewa ni nyepesi, oksijeni inayoingia kwa silinda ni kidogo, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja kwa sita ya nguvu yake ikilinganishwa na pwani. Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha kifeni kinachosukuma hewa zaidi ndani, ndiyo maana Subaru yenye turbo haisikii mlima wa Rironi. Mswisi Alfred Büchi alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Lakini kuipachika turbo kwa injini ambayo haikuundwa kuibeba ni kununua pistoni mpya kwa awamu.

Tukishafika hapo, uliza ni vipi wenye kiwanda wenyewe huongeza nguvu bila kuongeza mafuta. Njia kuu ni mgandamizo. Fikiria manati: ukivuta mpira kidogo jiwe linaanguka karibu, ukiuvuta sana linaruka mbali. Hewa na petroli zikibanwa zaidi kabla ya cheche, zinasukuma pistoni kwa umbali mrefu zaidi na joto kidogo linatupwa nje. Injini ya Nikolaus Otto ya 1876 ilibana kidogo sana. Rudolf Diesel alibana hewa mpaka ikawasha mafuta bila cheche, na mwaka 1897 injini yake ikapimwa ikigeuza asilimia 26 ya kawi ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo wakati huo lilikuwa kama muujiza. Magari mengi ya petroli tunayoendesha hubana mara 10 au 11. Mwaka 2011 Mazda ilitoa Japan Demio inayobana mara 14. Hizo ndizo unazoona mjini zikiwa na maandishi ya SKYACTIV nyuma. Toyota nayo, kwa Prius iliyotoka mwisho wa 2015, ilitangaza kufikia asilimia 40. Zaidi ya karne moja ya wahandisi, kutoka 26 hadi 40. Halafu fundi anatoa kidude kimoja kwa dakika ishirini.

Kinachozuia kubana zaidi ni kugonga: mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati, unasikia ka-ka-ka ukipanda mlima. Kipimo cha okteni ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa, si nguvu yake. Kwa hivyo kama kitabu cha gari hakijadai petroli ya okteni ya juu, ile ya bei ghali haikuongezei kitu. Zamani kugonga kulitibiwa kwa kutia madini ya risasi kwenye petroli, dawa iliyogunduliwa Marekani mwaka 1921 na ikawatia watoto sumu kwa miongo mingi. Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006. Algeria ilimaliza 2021, na tangazo la kwamba dunia imeachana nayo lilitolewa na UNEP, ambayo makao yake ni hapa tu Gigiri.

Sasa turudi kwa gereji. Wasee wa kutoboa silensa ili gari "lipumue", nawaelewa, sauti ni tamu. Lakini kwa injini ya kawaida unapata kelele, si nguvu. Anayekuambia utoe katalaiza mara nyingi anataka platinamu na paladiamu iliyo ndani, ndiyo maana hairudishwi kwako. Sumaku za kubana kwenye mpira wa petroli na dawa za kumwaga tangini? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya kuokoa mafuta, na ni vichache mno vilivyofanya lolote. Oili nzito ya 20W-50 kwa injini iliyoandikiwa 5W-30 inakula mafuta zaidi, na unalipa kila siku. Ea klina chafu, kwa gari la kisasa, inaua mchapuko zaidi kuliko inavyokula mafuta.

Inayotisha ni ile taa ya injini ya rangi ya chungwa ambayo wengi tumeizoea kama pambo la dashibodi. Sensa ya oksijeni hupima moshi na kuisaidia kompyuta kulenga gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Ikifa, kompyuta inakisia. Kwa hesabu za Marekani, kurekebisha hitilafu kubwa ya namna hiyo kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta hadi asilimia 40. Kusomewa kodi ya hiyo taa ni bei ya chakula cha mchana, kwa hivyo usikubali kuambiwa "tutaizima tu".

Mimi nilibadilisha mota ya feni, kifuniko, plagi na oili, nikaweka kulanti badala ya maji ya mfereji. Themostati nilinunua Kirinyaga Road, na mzee hakuifunga moja kwa moja. Aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, tukasimama tukitazama kama watu wanaopika. Maji kabla ya kuchemka, kile kidude kikafunguka taratibu. "Hii ni hai," akasema. Ya bandia hukaa tu pale imefunga mdomo, na wewe waweza kuijaribu hivyo nyumbani.

Siwezi kukuambia ni kiasi gani kilikuwa cha themostati na kiasi gani cha plagi, kwa sababu nilifanya yote siku moja. Wiki iliyofuata nilipata kilomita 15 na nusu kwa lita. Chama cha mama kilimalizwa kulipwa miezi minne baadaye. Na asubuhi nikitoka Githurai, taa ya samawati huwa imezima kabla sijafika Roysambu.