Pato la Taifa Litazamwapo kutoka Eldoret

Pato la taifa, yaani jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zizalishwazo nchini katika mwaka mmoja, hutangazwa Nairobi kwa tarakimu, bali huku Eldoret, penye mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu, hudhihirika sokoni: mvua ikihitilafiana na majira, mkulima hukosa fedha, na fundi na mwenye duka nao hukosa riziki.

Hesabu yenyewe yahitaji tahadhari, maana mwaka 2014, Kenya ilipobadili mwaka wa msingi wa vipimo vyake, pato lilizidi kwa takriban robo nzima, ilhali ghala hazikuongezeka gunia hata moja.

Katika muongo wa kwanza wa uhuru uchumi ulikua kwa wastani wa asilimia 6 hivi kila mwaka, na katika miaka ya sabini kikajengwa hapa kiwanda cha nguo cha Rivatex, tegemeo la wakulima wa pamba. Kilipofungwa, familia nyingi zilipata dhiki ambayo, kwa rai yangu, hakuna tarakimu iwezayo kuieleza. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na mitambo mipya ikazinduliwa mwaka 2019.