Coltan haifichiki, dhahabu inafichika: namna wenye silaha wanavyochagua pa kutoza kodi

Mchimbaji wa dhahabu anaweza kutoka shimoni na mapato ya juma zima ndani ya mfuko wa suruali, na hakuna atakayejua. Mwenzake wa coltan hana bahati hiyo. Mzigo wake ni magunia. Unabebwa mgongoni hadi barabarani au hadi uwanja wa ndege, na kijiji kizima kinauona ukipita.

Tofauti hiyo ndiyo mwanauchumi Raúl Sánchez de la Sierra aliifuatilia katika sehemu 650 za mashariki mwa Kongo. Wakaaji walisaidia kukumbuka historia ya kila sehemu: nani alishika silaha pale, alitoza nini, aliondoka lini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika Journal of Political Economy, jarida la Marekani.

Watu wazima wa Kivu wanaukumbuka mwaka 2000. Bei ya coltan ilipaa ghafla kwa sababu viwanda vya simu na vya michezo ya video viliitafuta sana, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Utafiti unaonyesha kwamba bei ilipopanda, wenye silaha walihamia kwenye machimbo ya coltan, wakaweka bariera zao, wakatoza kila mzigo unaotoka. Walianza pia kulinda machimbo, kwa kuwa mchimbaji aliyeporwa leo hana cha kutozwa kesho.

Bei ya dhahabu ilipopanda, hawakufanya vile. Kwenye mlango wa shimo hakuna cha kuhesabu. Kwa hiyo walikwenda kukaa katika vijiji ambako feza ya dhahabu inatumiwa. Huko walianzisha kodi, vibali vya kuingia machimboni, na utawala wao wenyewe. Kazi hiyo si nyepesi: ili kutoza kila nyumba, lazima ujue nyumba ni ngapi na nani amelipa. Jambazi anageuka kuwa karani.

Mwanauchumi wa Marekani Mancur Olson aliwahi kueleza jambo hilo mwaka 1993. Mwizi anayepita huchukua vyote na kwenda. Mwizi aliyeamua kukaa huchukua sehemu, huwafukuza wezi wengine, na huacha watu walime na wachuuze, maana atarudi kutoza tena. Olson alisema serikali nyingi zilizaliwa hivyo.

Kuna tokeo moja litakalowaudhi wengi. Pale ambapo aliyekaa alikuwa kundi la wanamgambo au askari wa jeshi la Kongo, maisha ya jamaa yalikuwa nafuu kuliko bila yeye. Hiyo si sifa kwa mtu yeyote. Anayelazimishwa kufanya salongo chini ya bunduki anajua bei ya ulinzi huo. Lakini takwimu zinasema kwamba kwa mkulima, kulipa kwa mtu mmoja anayejulikana kunaumiza kidogo kuliko kuporwa usiku na wasiojulikana.

Yaliyotokea baada ya mwaka 2010 yanaonyesha upande wa pili. Mwezi wa saba wa mwaka huo, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinadai makampuni yatangaze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Mwezi wa tisa, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Wachimbaji walikosa kazi. Lengo lilikuwa kuwakatia wenye silaha mapato. Watafiti Dominic Parker na Bryan Vadheim walikuta kwamba uporaji dhidi ya raia uliongezeka katika sehemu zilizoguswa, na mapigano yakasogea kwenye maeneo ya dhahabu, madini ambayo hakuna aliyeweza kuyafunga kwa sababu yanaingia mfukoni. Aliyekuwa akitoza mzigo wa coltan alirudia kupora mbuzi na mihogo. Katika kazi nyingine, Parker na wenzake walionyesha kwamba hata vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyolengwa.

Bariera hazikwisha. Mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji, pamoja na washirika wake wa hapa, lilihesabu 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, nyingi zikiwa za jeshi na za watumishi wa serikali wenyewe.

Mwaka 2024, M23 iliiteka Rubaya katika eneo la Masisi, mahali pa coltan nyingi. Mwisho wa mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilikuwa likivuna angalau dola 800.000 kwa mwezi kwa kutoza uchimbaji na uchuuzi wa madini hayo. Rubaya hakuna anayeweza kupita na gunia bila kuonekana.