Dhahabu yangu ya Cheyo ilioza!

JAMANI, mjini shule! Mwenzenu nimelizwa, tena hapa hapa Cheyo, mtaa niliokulia.

Jamaa alikuja na jiwe ndani ya kipande cha khanga, eti limetoka machimbo ya Nzega. Linang'aa hilo, acha tu! Na Nzega dhahabu ipo kweli. Mgodi wa Golden Pride uliwahi kuzalisha huko. Nikaingia mkenge. Nikauza baiskeli ya marehemu baba, nikatoa mshiko. Jiwe nikalifunga kwenye gazeti, nikaliweka kwenye kopo chini ya kitanda masika yote.

Siku nafungua, nusura nizimie. Harufu kama ya kiberiti, gazeti limelika, jiwe limeota unga mweupe. Dhahabu gani inayooza?

Mbio kwa sonara. Mzee akalichora nyuma ya kigae, ukatoka mstari mweusi wenye ukijani.

"Mjukuu wangu, hii ni pairaiti. Dhahabu ya wajinga. Dhahabu yenyewe huchora njano."

Hapo ndipo nikaikumbuka kemia niliyokuwa nikiisinzilia. Pairaiti ni ndoa ya chuma na salfa: atomu moja ya chuma kwa mbili za salfa. Ikipata unyevu na hewa, ndoa huvunjika. Oksijeni inaingilia kati, inazaliwa asidi ya salfuriki, ile ile ya kwenye betri ya gari, pamoja na chumvi ya chuma, ndiyo ule unga. Asidi ndiyo iliyolila gazeti langu. Pairaiti ina pacha wake, makasaiti, mwenye chuma na salfa kwa kiasi kile kile ila atomu zimepangwa vingine. Huyo huoza upesi zaidi. Dhahabu halisi hewa na maji haviiwezi.

Sasa wewe kijana mwenzangu, kabla hujatoa hela, chora kwenye kigae. Gonga kwa nyundo: dhahabu hubonyea, pairaiti huvunjika. Pima mkononi: kwa ukubwa ule ule, dhahabu ni nzito karibu mara nne. Na usilichome jiwe hilo jikoni, moshi wake unabana kifua.

Mama kila siku ananiuliza baiskeli iko wapi. Namjibu iko kwa fundi. Akilisoma gazeti hili, nimekwisha!