PESA YA WOTE ISOMWE MBELE YA WOTE

Ndugu wakimbizi, wazee wetu, akina mama na vijana,

Wengi mmeuliza mikutanoni: pesa tunayochanga kwa ajili ya pampu inakwenda wapi? Swali hilo ni zuri. Si uchokozi, wala si dharau kwa viongozi. Katika karatasi hii tunaeleza kwa nini hesabu ya pesa ya wote ni lazima ijulikane na wote.

Yaliyotokea Uganda

Nchi hii iliyotupokea ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1991 na 1995 serikali ilikuwa ikipeleka wilayani pesa za shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, kwa ajili ya vitabu, chaki na mahitaji mengine yasiyo mishahara. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika shule 250. Ikaonekana kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shule zilipata 13 tu. Shule nyingi hazikupata hata senti. Sehemu kubwa iliishia wilayani.

Kwa nini watu hawakulalamika? Kwa sababu wazazi, na hata walimu wakuu wengi, hawakujua shule yao ilipaswa kupata kiasi gani. Mtu hawezi kudai haki asiyoijua.

Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini pesa iliyopelekwa kila wilaya, na kuagiza shule zibandike ukutani kiasi zilichopokea. Mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya shilingi 80 katika kila 100. Gazeti peke yake halikufanya kazi yote, maana usimamizi nao uliongezwa. Lakini shule zilizokuwa karibu na wauza magazeti zilifaidika zaidi.

Yaliyotokea kwetu

Mwaka jana pampu ya mtaa wetu iliharibika. Kaya 60 zilikuwa zimetoa shilingi 1,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, yaani 180,000. Mtunza hazina akasema zimebaki 35,000. Watu wakapiga kelele: "Umekula!" Wakakataa kuchanga tena. Kwa wiki mbili akina mama walichota maji ya bwawa, na watoto wakaharisha.

Baadaye fundi alithibitisha kwamba mwezi uliotangulia alilipwa 145,000 kwa mnyororo na mipira ya pampu. Yule mzee hakuwa mwizi. Alikosa risiti na daftari tu. Mimi pia nilimshuku, tena mbele ya watu, na ilinibidi nimwombe radhi. Kwa hiyo hesabu ya wazi humfichua mwizi, na pia humlinda mwaminifu.

Kamati ifanye nini?

1. Iwe na daftari moja: tarehe, pesa iliyoingia, iliyotoka, na iliyobaki.
2. Kila kitu kinunuliwe kwa risiti. Muuzaji asiye na risiti aandikiwe karatasi, atie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili.
3. Anayetunza pesa asiwe yule anayeruhusu itumike.
4. Kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe karibu na kisima, na isomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Nawe uulize namna gani?

Uliza mkutanoni, kwa heshima, na kwa maneno mafupi: "Tulichanga ngapi? Zimetumika ngapi? Risiti iko wapi?" Usimtaje mtu kuwa mwizi kabla ya kuona daftari. Ukinyimwa jibu, nendeni watu watatu au wanne pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Asipowasikiliza, njooni kwetu wahudumu wa jamii, tutawasindikiza ofisini.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari ni bei ndogo kuliko pampu, na ni ndogo mno kuliko mtoto mgonjwa.